Risasi ya Kuangusha Tu

Mume wangu Abdulbasit si mtu wa makeke. Anaendesha gari la abiria baina ya uwanja wa ndege na mahoteli, anasali sala zake, anakula wali wake, analala. Kosa lake ni moja: jambo likishamuingia moyoni halimtoki. Ukimwambia "liache," ndiyo kwanza umemsukuma. Basi nawahadithia habari ya mwaka alioijaza gareji yangu madini ya risasi. Nasema yangu kwa sababu kodi tulilipa wote, lakini wa kuifagia nilikuwa mimi, Mwatime, peke yangu.

Chanzo ni mama yake. Bi Kidawa alikuja Texas mwaka 2003, baada ya kufiwa na mumewe kule Makunduchi. Alishukia kwanza Houston kwa binti yake Intisar. Hakukaa sana, akasema ile hewa ya Houston inamlowesha mpaka mifupa, akaletwa kwetu Irving. Abdulbasit alikuwa amekwisha mshughulikia karatasi zote za kuishi huku. Nia yake ilikuwa mama asirudi tena. Kule Unguja alibaki peke yake, magoti hayampandishi ngazi, presha haishuki, na wa kumpa glasi ya maji usiku hayupo. "Mama yangu hafi peke yake kama mtu asiyezaa," Abdulbasit aliniambia. Nikamwambia na aje, mimi kazi yangu ni kuuguza wazee wa watu, sembuse mkwe wangu.

Akaja, na nyumba haikumpendeza hata siku moja. Nikimpikia samaki anaonja. Nikimpikia kuku anauliza kachinjwa na nani. Nikimwambia ametoka duka la halali, Richardson, anauliza mwenye duka kwao wapi, na babake nani. Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa: "Mkaza mwanangu, mwambie mumeo anirudishe kwetu." Alikonda mpaka kanga zikawa zinamzunguka mara mbili.

Siku moja tulikuwa tunatoka Lewisville kumtazama mgonjwa. Jua limeshuka kidogo, na pale pembezoni mwa barabara, kwenye miti, walisimama paa wa huku. Wakubwa, wenye mkia mweupe kwa chini. Bi Kidawa alikikamata kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Abduli! Paa hao!"

"Ndio, Mama. Wapo wengi tu."

"Wapo wengi tu, na weye umekaa! Mtoto wa msasi!" Akarudi nyuma kitini. "Baba yako, Mungu amrehemu, akiniletea. Weye hujaniletea hata mguu. Haja yangu mie duniani imebaki hiyo moja: nile nyama ya paa aliyewindwa na mwanangu, kachinjwa kwa mkono wa mwanangu. Basi."

Abdulbasit akanitazama kwenye kioo. Nikajua tumekwisha.

Usiku alinieleza hesabu zake. Mama akila nyama ile atatulia. Mtu akishakula kilichotoka kwenye ardhi ya mahali, mahali pale panamkubali, na hataomba tena kurudishwa. "Na asipotulia?" nikamuuliza. Akaniambia nisimtie mkosi.

Pale kazini kwao palikuwa na fundi wa magari, mzungu mmoja mtu mzima anaitwa Wendell, mzaliwa wa upande wa Weatherford, mwindaji tangu utoto wake. Abdulbasit akamwendea yeye. Na mimi nitasema kweli, niliogopa. Mwaka ule Muislamu kuingia duka la bunduki Texas si mchezo. Nilimwambia, "Watakuchukua, na mimi hapa nitabaki na mama yako anayekataa kuku." Lakini Wendell alimpeleka mwenyewe kwenye darasa la wawindaji, akasimama naye akipata kibali, akamuazima bunduki yake. Akampeleka kwenye ranchi ya shemeji yake. Mtu wa watu yule, sina la kumtoa.

Msimu wa kwanza Abdulbasit alipiga paa mmoja. Alirudi na nyama kwenye sanduku la barafu, akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Mama, sikuwahi. Nilipofika na kisu ameshakufa."

Akaongeza upesi upesi kwamba amemuuliza imamu wa Richardson, na imamu amesema ukipiga kwa Bismillahi na risasi ikatoboa, nyama ni halali, maulamaa wengi wamesema. Bi Kidawa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Imamu na aseme, ni elimu yake. Siye kwetu chenye roho huchinjwa kikiwa na roho. Baba yako akikuta kimekufa akiwaachia kunguru. Mpe rafiki yako, ale na wanawe."

Nyama yote ikaenda kwa Wendell. Abdulbasit hakula siku ile, na Bi Kidawa asubuhi yake akaomba tena kurudishwa kwao.

Hapo ndipo yalipoanza ya risasi. Abdulbasit alimweleza Wendell kwamba risasi zile za dukani zina kasi mno, zinaingia na kupasuka, mnyama anakufa papo hapo. Yeye anataka ya kuangusha tu. Wendell akavua kofia akajikuna. "Unataka risasi isiyoua?" Abdulbasit akamwambia inaangusha, kisu kinamaliza, na baina ya viwili hivyo ni pumzi chache, mnyama hatateseka zaidi ya hapo. Wendell alikaa na jambo lile siku kadhaa. Halafu akaja na bunduki kuukuu ya babu yake, yenye mdomo mpana, akasema: njia ipo, ni ya kizamani. Risasi nzito ya madini laini, iende pole, ipigwe juu ya bega ikate miguu ya mbele nguvu. Inatoboa inapita, haipasuki. Lakini inataka shabaha ya uhakika, na risasi za namna hiyo utaziyeyusha mwenyewe nyumbani.

Nyumbani kwa nani? Kwangu!

Baruti niliikataa kabisa. Ya kujaza baruti yakafanyike kwa Wendell. Kuyeyusha nikakubali, mlango wa gareji uwe wazi na mama asisogee. Abdulbasit akaokota kwa mafundi wa matairi vile vyuma vidogo vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu, akaviyeyusha, akamimina kwenye kalibu, zikatoka risasi nono zinang'aa. Nikasema haya, imekwisha. Kumbe hata nusu bado.

Risasi ikitoka kwenye kalibu haijawa sawa. Hii imenenepa kidogo, hii imeinama upande. Lazima kila moja ipenyezwe kwenye tundu la chuma lenye kipimo cha bunduki yako, zote zitoke unene mmoja, la sivyo moja itakwenda kusini na nyingine Oklahoma. Tena lazima itiwe grisi kwenye ile mifuo yake, mistari iliyochimbika kuizunguka kiunoni, kwa sababu madini matupu yakipita kwa kasi yanajipaka ndani ya mtutu, na mtutu ukishapakaa shabaha hakuna. Kazi ni hizo mbili, kupima na kupaka. Na vyombo vya kuzifanyia, wallahi, wanaume wa Texas wanaweza kuvibishania mpaka chakula kikachacha.

Wendell alimtajia njia tatu. Ya kwanza mashine ya mkono inayofungwa mezani: unaweka risasi, unashusha mpini, inapimwa na kupakwa kwa pamoja. Ya pili kipimo kitupu, kipande cha chuma chenye tundu, unaisukuma risasi ipite, na kupaka unapaka mwenyewe kwa dawa ya maji ya kopo. Ya tatu ya watu wasio na kitu: unazisimamisha risasi kwenye trei, unamimina nta ya moto mpaka kiunoni, ikiganda unazikata moja moja.

Abdulbasit akaanza na ya tatu, kwa sababu trei ipo. Trei ipo wapi? Kabatini mwangu. Trei yangu ya mkate wa mchele, niliyotoka nayo Unguja!

Nilirudi kutoka kazini nikaikuta juu ya meza ya gareji, imejaa risasi zimesimama kwenye nta kama mishumaa. Nikamjia juu. "Abdulbasit! Hayo madini ni sumu! Mimi nasomeshwa kila mwaka habari za sumu, na wewe unanitilia kwenye chombo cha mkate?" Akasema ataiosha. "Uioshe uende nayo kwa Wendell mkaoke huko. Humu hairudi." Na haikurudi. Mpaka leo mkate wangu nauoka kwenye chombo cha kununua, na hauchambuki kama ule.

Akaamua kununua mashine. Mpya bei yake haishikiki, kwa hiyo akaenda Fort Worth kwenye maonyesho ya bunduki, akapata kuukuu, ya chuma kizito, mpini laini. Akafurahi mno. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Alipokwisha lipa aliona ndani imebaki grisi ya rangi ya kahawia, akamuuliza muuzaji grisi hii nzuri ya nini. Yule mtu akamjibu kwa fahari: ya babu yake, nta ya nyuki na mafuta ya nguruwe, hakuna iliyo bora zaidi.

Yailahi toba! Mashine amekwisha ilipia, ameishika kwa mikono miwili, na imempaka mpaka kwenye shati.

Alifika nyumbani hakuiingiza ndani. Akamwita mama yake mlangoni, akamweleza. Mimi nilidhani mama atasema itupe. Bi Kidawa alijifunga kanga kiunoni, akatoka nje kwa magoti yale yale mabovu.

"Itupwe kwa nini? Najisi ina dawa yake. Maji mara saba, na moja kwa udongo. Haya, chota udongo ule penye maua. Si huo, huo una mbolea. Huo wa chini!"

Tulishinda pale uani. Abdulbasit anamwaga, mama anahesabu kwa sauti, mimi nabeba ndoo. Ilipofika mara ya udongo, Bi Kidawa alisimamia kila tundu. "Tia na humo ndani. Sukuma. Si grisi ilipita humo? Na udongo upite." Abdulbasit akaushindilia udongo mweusi wa Irving kwenye kila kitundu cha mashine, akapandisha mpini akashusha, akapandisha akashusha, uenee. Majirani wa Kimexico walisimama kutazama. Bi Kidawa akawapungia mkono! Tangu aje, ndiyo mara ya kwanza kumuona anampungia mtu.

Mashine ikawa twahara. Ikawa pia mbovu. Chembe za mchanga ziliingia kwenye lile tundu la kipimo, na kila risasi iliyopita ilitoka imekwaruzwa kutoka juu mpaka chini. Akafungua, akasugua, akapuliza, wapi. Akampelekea Wendell.

Wendell alizitazama risasi akacheka mpaka akashika meza. "Umeifanya nini mashine hii, Abdul? Umelimia shamba?" Abdulbasit akamweleza yote, nguruwe, maji, saba, udongo. Wendell akaacha kucheka. Akauliza kama mama mwenyewe ndiye aliyehesabu. Akaambiwa ndiye. Akasema, "Basi imeoshwa vizuri. Lakini haitafaa tena." Akavuta droo, akatoa kibanio cha mkono chenye mpini, cha kufunga mezani na kushikilia kipimo, akampa. "Nenda kanunue kipimo kipya cha kusukumia. Ni kipande cha chuma tu, hakijaguswa na grisi ya babu ya mtu. Na ya kupaka tafuta yako mwenyewe, mimi sijui nini mnakula na nini hamli."

Ile dawa ya kopo ilikuwepo dukani, lakini kopo halisemi ndani mna nini. Abdulbasit aliwapigia waliotengeneza. Aliyepokea simu akadhani anauliza kama inadhuru ngozi. Basi akaacha. Alinunua nta kwa mfuga nyuki mmoja huko Denton, nta safi inanukia asali. Taabu yake ni ngumu mno ikiwa peke yake, inapukutika. Inataka mafuta ya kuilainisha. Tukakaa mezani tunafikiri: samli itaoza, ya nazi kwa joto la gareji ile itakuwa maji na kuingia kwenye baruti.

"Nyonyo," akasema Bi Kidawa.

Akaenda chumbani akarudi na chupa yake, mafuta ya nyonyo aliyotoka nayo Makunduchi, ya kujichua magoti. Akamimina kidogo kwenye nta ya moto, akatia tone kwenye sahani, akaligusa lilipopoa. Akaongeza. Akagusa tena. "Hii sasa. Ukibonyeza inakubali, ukiacha inarudi."

Na ya kupaka akapaka yeye! Mwanzoni Abdulbasit alijaribu kwa vidole vyake vinene, akawa anajaza huku anatoa kule. Mama akamsukuma kando. Mimi nikamvisha glavu za kazini kwangu, sikumpa nafasi ya kubisha. Alikaa kwenye kiti chake gareji, jua la asubuhi linamfikia miguuni, anaichukua risasi moja moja, anaizungusha kwa dole gumba mpaka mfuo ujae sawasawa, anaiweka. Abdulbasit anaichukua, anaisukuma kwenye kipimo, inatoka upande wa pili imenyooka, nta iliyozidi imekwanguliwa. Mikono ile ilisuka ukindu maisha yake yote, sasa nta ingemshinda nini?

Nikikumbuka, ndiyo siku walizozungumza. Alikuwa anamwambia habari za baba yake, za nyavu, za kulala msituni. Akala vizuri pia. Hata zile "nirudisheni kwetu" zikapungua, na Abdulbasit akawa ananikonyeza: unaona? Mimi nikafurahi, kweli kabisa. Nilikwisha anza kumtafutia daktari wa magoti.

Walipozijaribu risasi uwanjani kwa Wendell, matundu yalikaa pamoja kwenye karatasi, kiganja kinayafunika. Mtutu walipouchungulia ulikuwa msafi. Wendell akauliza kama Mama anaweza kumtengenezea na yeye kopo moja.

Msimu ukafungua Novemba ya 2004. Abdulbasit aliondoka na kisu cha baba yake kiunoni, kile alichokuja nacho mama ndani ya begi lake. Jioni nikasikia gari, nikatoka, nikamuona usoni nikajua.

Alitusimulia huku amesimama, hakutaka hata kukaa. Alingojea mpaka mnyama akampa ubavu. Akasema Bismillahi, akapiga juu ya bega. Paa akaanguka kwa miguu ya mbele. Bunduki akamuachia Wendell, akatimua mbio, na mtu mwenyewe tumbo lile! Akamkuta anahema, macho wazi, anataka kuinuka. Akamlaza, akamuelekeza kibla, alichokwisha kipima tangu alfajiri, akachinja. Damu ikaruka mpaka kwenye mkono wa shati. "Alikuwa hai, Mama. Alinipiga teke."

Akapandisha suruali kumuonyesha goti. Lilikuwa limevimba, jekundu.

Bi Kidawa hakuangalia goti. Alitaka kichwa na shingo viletwe, na Abdulbasit alivileta, alijua vitaulizwa. Mama akapitisha kidole kwenye lile koo, akatazama mkato, akaitazama ile damu shatini. Kisha akasema, "Mwatime mwanangu, nipe sufuria kubwa. Na ukae mbali, leo napika mie."

Alipika kwa tui na ndimu na pilipili manga, na nyumba ikanukia. Sehemu ya kwanza aliifunga kwenye sahani tukawapelekea wale majirani wa Kimexico, ya pili ikawekwa ya Wendell, maana msasi hali kabla ya jirani. Halafu tukala. Alikula akamaliza, akaongeza, akafyonza mfupa. Abdulbasit hakuwa anakula, alikuwa anamtazama mama yake anakula. Sijapata kumuona mtu mwenye furaha kama ile.

Mama akanawa mikono, akajifuta, akasema:

"Alhamdulillahi. Sasa, Abduli, nikatie tiketi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Tiketi ya wapi, Mama?" Abdulbasit akauliza.

"Ya kwetu. Ya wapi tena?"

"Mama! Si umekula? Si ulisema haja yako ni hii?"

"Ndiyo hii. Imetimia." Akamshika mkono, ule wenye shati la damu. "Nisikilize. Baba yako alipokuwa anakata roho alinambia: kamtazame yule mtoto, Amerika inawageuza watu. Nami nikaja kukutazama. Mwaka jana uliniletea nyama, ukaniambia sikuwahi. Ungeweza kumpitishia kisu mzoga ukaniapia, nami na macho haya ya kizee ningekula. Hukufanya. Nikasema labda ni aibu tu ya siku moja. Nikangoja. Nimeona ulivyoisumbukia, nimeona ulivyoosha chuma kile. Weye bado u mtoto wetu. Basi nakaa kufanya nini? Mie n'na kaburi la mume wangu kule, halina wa kulifagilia."

"Utakuwa peke yako, Mama."

"Nitakuwa kwetu."

Abdulbasit alimbembeleza. Nikambembeleza mimi. Intisar akapiga simu kutoka Houston akilia. Alitusikiliza wote kwa adabu, kama alivyomsikiliza yule imamu kwa mdomo wa mwanawe, na baadaye akauliza kama tiketi imekatwa. Ikakatwa. Abdulbasit alimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe, kwenye lile gari lake la kazi, mama kakaa nyuma na begi lake kama abiria yeyote. Kile kisu cha baba yake alimuachia.

Bi Kidawa alifariki Makunduchi kabla ya msimu mwingine kufungua. Majirani walimkuta asubuhi juu ya msala wake wa kusalia. Kafa peke yake, kama Abdulbasit alivyoogopa.

Intisar alipotupa habari, mume wangu alitoka akaenda gareji. Nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha mama, kopo la nta mapajani, kipimo bado kimefungwa mezani.

"Ningemkosa yule mnyama," akaniambia, "mama angekuwa hapa."

Nikakaa chini kwenye saruji, kando ya miguu yake, tukalia.